Programu za mpakani zijaribiwe kabla hazijagusa pesa zetu

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wahenga walisema hivyo wakati daftari lilikuwa karatasi na kalamu, na mwenye mali aliweza kulifungua, kulisoma na kulisahihisha kwa mkono wake. Leo daftari la mfanyabiashara wa mpakani limehamia kwenye simu. Mauzo yamo humo, madeni yamo humo, malipo ya simu na ankara za kodi zimo humo. Lakini daftari hili jipya limetengenezwa na mtu tusiyemjua, linakaa katika kompyuta tusiyoiona, na likikosea hatuna kifutio.

Hoja yangu ni moja. Programu yoyote inayogusa pesa au mzigo wa mfanyabiashara wa mpakani isianze kazi kabla ya kujaribiwa katika mazingira yanayofanana na mpaka wenyewe. Mazingira hayo yanaweza kujengwa kwa gharama ndogo, kwa kutumia kitu ambacho wataalamu hukiita kompyuta pepe. Vijana wetu wanaweza kuyajenga. Kinachokosekana ni wateja wa kuyadai, na wateja hao ni sisi.

Tuanze na mahali. Cyanzarwe ni sekta ya wilaya ya Rubavu, nyuma ya mji wa Gisenyi, karibu na mpaka wa Kongo. Udongo wake ni wa volkano na watu wake wengi ni wakulima. Mazao ya upande huu hushuka hadi mjini kwa baiskeli, kwa pikipiki na kwa vichwa vya akina mama, na mengine huvuka Petite Barrière kwenda kuliwa Goma. Chukulia mama mmoja wa Cyanzarwe anayekusanya karoti za majirani sita. Majirani anawalipa kwa faranga za Rwanda. Mteja wake wa Goma anamlipa kwa dola, na chenji inarudi kwa faranga za Kongo. Mifuko ya kufungia anainunua kwa mchuuzi aliyeileta kutoka Uganda. Kabla ya chakula cha mchana mama huyu ameshika sarafu tatu, amezungumza lugha tatu na amefuata sheria za nchi mbili.

Programu atakayoletewa huwa imetengenezwa mbali naye. Kijana aliyeiandika alikaa Kigali au Nairobi, kwenye intaneti isiyokatika, akatumia sarafu moja, na akaijaribu kwenye simu nzuri. Kwake ilifanya kazi. Watengenezaji wa programu duniani kote wana utani wao kuhusu jambo hili: mteja akilalamika, jibu la kwanza ni "mbona kwangu inafanya kazi?" Utani huo unachekesha ofisini. Hauchekeshi mtu aliyesimama kizuizini na karoti zinazonyauka.

Kuna watakaosema hili si jambo la dharura. Nawakumbusha mambo mawili. Machi 2020, mipaka ilipofungwa kwa sababu ya korona, wachuuzi wa Rubavu waliozoea kuvuka kwa miguu kila siku walilazimika kuunganisha mizigo yao katika gari moja. Swali la nani ana magunia mangapi ndani ya lori, na nani amelipwa kiasi gani, likawa swali la daftari. Kisha mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia Goma, mabenki ya mji huo yalifunga milango. Watu wakabaki na pesa za kwenye simu, na pesa taslimu wakazifuata upande wa pili wa mpaka. Siku kama hizo simu ndiyo inakuwa benki yote, na hesabu yake ikiwa na kasoro hakuna dirisha jingine la kwenda kulalamika.

KOMPYUTA NDANI YA KOMPYUTA

Kompyuta pepe ni nini? Fikiria jengo la soko lenye fremu kumi. Paa ni moja, umeme unaingia kwa mita moja, mlinzi ni mmoja, lakini kila fremu ina mlango na kufuli lake. Anayeuza vitenge hahitaji kujua kilichomo kwa muuza sukari, na mmoja akifilisika jengo halianguki. Kompyuta kubwa inaweza kugawanywa vivyo hivyo. Programu ya usimamizi huikata katika vyumba, na kila chumba hujiona kuwa kompyuta kamili yenye kumbukumbu yake, diski yake, saa yake na anwani yake ya mtandao. Chumba hicho ndicho kompyuta pepe.

Wazo hili si geni. IBM ilikuwa ikiligawa jitu moja la kompyuta kwa watumiaji wengi kwa njia hii tangu miaka ya 1960. Kilichobadilisha biashara ni kuanza kukodisha vyumba hivyo kwa saa, kwa mtu yeyote, kupitia intaneti. Amazon ilifungua huduma hiyo, iitwayo EC2, Agosti 2006. Wengi hawajui kwamba huduma hiyo, ambayo leo inabeba sehemu kubwa ya kile kinachoitwa wingu, ilijengwa na timu iliyokaa Cape Town, Afrika Kusini, chini ya Chris Pinkham. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba ufundi huu ni wa watu wengine.

Faida ya kompyuta pepe kwa mtengenezaji wa programu ni tatu, na zote zinamhusu mteja. Kwanza, inaandikwa kwa faili la maelekezo, kama kanuni ya kupika: weka mfumo huu, toleo hili, hifadhidata hii, saa hii. Kijana wa Musanze na mwenzake wa Mombasa wakitumia faili lilelile watapata mashine ileile, hata kama kompyuta zao hazifanani. Zana kama Vagrant na VirtualBox hufanya kazi hiyo bila malipo. Pili, unaweza kupiga picha ya hali ya mashine kabla ya kubadilisha kitu. Ukiharibu, unarudi kwenye picha ya jana ndani ya dakika chache. Tatu, unaweza kuitesa. Unaweza kuikatia mtandao, kuipunguzia kumbukumbu, kuisogezea saa mbele, kuijazia diski, na hakuna mteja hata mmoja anayepoteza senti.

Hiyo faida ya tatu ndiyo ninayoipigania. Mpaka ni mateso kwa programu, na ni afadhali programu iteseke ndani ya chumba cha majaribio kuliko mfukoni mwa mchuuzi.

MAKOSA AMBAYO OFISI YA MBALI HAIYAONI

Nitoe mifano minne, yote inayotokana na jinsi nchi zetu zilivyo.

Mfano wa kwanza ni senti. Kwa viwango vya kimataifa vya sarafu, faranga ya Rwanda, faranga ya Burundi na shilingi ya Uganda hazina senti katika hesabu za kompyuta. Shilingi ya Kenya, shilingi ya Tanzania, faranga ya Kongo na dola zina tarakimu mbili baada ya nukta. Programu nyingi huhifadhi pesa kwa kipimo kidogo kabisa: shilingi 5,000 za Kenya huandikwa ndani kama senti 500,000. Mtengenezaji akiihamisha programu hiyo Rwanda bila kugusa kanuni hiyo, faranga 5,000 zinaweza kugeuka kuwa 500,000, au 50. Zaidi ya hayo, mazingira ya majaribio ambayo MTN inawapa watengenezaji wanaounganisha programu zao na MoMo hutumia euro, sarafu yenye senti. Kijana anaweza kufaulu mtihani wote kwa euro, kisha kosa likajitokeza siku ya kwanza ya faranga halisi. Asipojenga mashine yake mwenyewe ya kuigiza malipo kwa faranga, atajifunzia kwa mteja.

Mfano wa pili ni nukta na mkato. Katika maandishi ya Kifaransa, ambayo ndiyo desturi ya ofisi za Kongo, mkato hutenganisha sehemu ndogo ya namba. Katika maandishi ya Kenya na Tanzania mkato hutenganisha maelfu. Kwa hiyo "1,500" kwa mtu mmoja ni elfu moja na mia tano, na kwa mwingine ni moja na nusu. Simu iliyopangwa kwa Kifaransa na seva iliyopangwa kwa Kiingereza zinaweza kupokezana namba hiyo bila ugomvi wowote, na mzigo wa kilo 1,500 ukaandikwa kilo moja na nusu. Kosa hili linanaswa kwa urahisi ukiwasha kompyuta pepe mbili, moja kwa kila lugha, ukazifanya ziuziane.

Mfano wa tatu ni saa. Kongo ina saa mbili. Kinshasa iko saa moja nyuma ya Goma. Goma, Gisenyi na Kigali zina saa moja, na Kampala, Nairobi na Dar es Salaam ziko saa moja mbele yao. Mtengenezaji anayechagua "Kongo" kwenye orodha na kuchukua jina la kwanza analolijua huchukua Kinshasa, na risiti ya Goma hutoka ikiwa nyuma kwa saa moja kuliko risiti ya Gisenyi kwa mzigo uleule. Kompyuta pepe mpya iliyokodishwa kwenye wingu nayo kwa kawaida huja na saa ya dunia, ambayo iko saa mbili nyuma ya Rubavu. Malipo yaliyofanyika saa saba usiku wa tarehe 1 yanaandikwa kuwa ya mwezi uliopita, na hesabu za kodi za miezi miwili zinaharibika kwa mpigo. Tena, tukiandika kwa Kiswahili kwamba mzigo utafika "saa 3", sisi tunajua ni asubuhi jua likiwa limepanda. Programu isiyofundishwa itaelewa ni usiku wa manane.

Mfano wa nne ndio mchungu kuliko yote: mtandao unaokatika katikati ya malipo. Simu iliyo karibu na mpaka inaweza kudaka mnara wa nchi nyingine, ikaachia, ikadaka tena. Ombi la malipo limekwenda, jibu halijarudi. Programu iliyoandikwa vibaya hudhani haikufanikiwa na kutuma tena. Pesa inakatwa mara mbili. Dawa yake inajulikana: kila ombi lipewe namba yake ya kipekee, na likirudiwa kwa namba ileile lihesabiwe mara moja tu. Lakini huwezi kujua kama dawa imefanya kazi mpaka ukate mtandao kwa makusudi, tena sekunde ileile ambayo ombi limetoka na jibu halijaingia. Linux ina zana iitwayo tc inayochelewesha na kudondosha data kwa kiasi unachotaka. Mtu mwenye kompyuta pepe anaweza kuigiza mtandao mbovu wa mpakani akiwa mezani, mara mia kwa siku. Kadhalika kiigizaji cha simu ya Android, ambacho ni kompyuta pepe ya aina yake na kinapatikana bure, kinaweza kuigiza simu ya bei nafuu yenye kumbukumbu ndogo. Simu za aina hiyo ndizo zilizoko mikononi mwa wachuuzi wengi.

Hakuna hata kosa moja kati ya hayo manne linalohitaji ujinga. Mtu hodari anayefanya kazi katika nchi moja, kwa sarafu moja, hatakutana nayo. Ndiyo maana nasema mpaka ujengwe ndani ya mashine.

MASHINE YENYEWE NAYO HUUGUA

Nisije nikaonekana nauza muujiza. Kujenga kompyuta pepe kuna adha zake, na kijana wa Cyanzarwe mwenye kompyuta ya mitumba atakutana nazo kabla ya kijana wa Kigali.

Adha ya kwanza ni kwamba mashine haiwaki kabisa. Mara nyingi sababu ni uwezo wa kugawanya kompyuta ambao umezimwa katika mipangilio ya mwanzo, ile inayofunguliwa kabla Windows haijaanza. Unawashwa mara moja na shida inaisha, lakini asiyejua anaweza kutupa wiki nzima akidhani kompyuta yake haifai. Ya pili ni kumbukumbu. Kompyuta ya gigabaiti 4 ikibeba Windows na juu yake mashine yenye madirisha na picha, zote mbili zinakwama. Jibu ni kutumia Linux isiyo na madirisha. Kwa seva ndogo ya majaribio, gigabaiti 1 inaweza kutosha.

Ya tatu inawapotosha hata wazoefu: ukifunga kompyuta mkononi na kuifungua baada ya saa mbili, saa ya kompyuta pepe inaweza kuendelea pale ilipoishia. Inajiona iko katika wakati uliopita. Ikijaribu kuzungumza na mfumo wa malipo inakataliwa, kwa kuwa mifumo ya usalama haikubali ombi lenye saa iliyochelewa. Kijana atatafuta kosa kwenye nywila, kwenye mtandao, kwenye programu yake, kumbe dawa ni kulinganisha saa. Ya nne ni kwamba mashine hiyo hujificha nyuma ya mwenyeji wake, hivyo simu ya majaribio iliyo pembeni haiioni. Lazima mlango ufunguliwe kwa makusudi.

Utaratibu wa kutibu adha hizi ni uleule wa fundi yeyote mwenye subira. Piga picha ya hali ya mashine kabla ya kugusa. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja. Soma kumbukumbu ambazo mashine yenyewe inaziandika, kwa kuwa mara nyingi imeshasema inaumwa wapi. Andika ulichofanya, ili mwenzako asianze upya.

Adha kubwa kuliko zote, hata hivyo, haitibiki na fundi. Ni bei ya data. Mfumo wa Linux wa kuanzia, kama Ubuntu ya seva, una zaidi ya gigabaiti 2 za kupakua, na bado hujaweka kitu juu yake. Kwa mwenye intaneti ya ofisi hizo ni dakika chache. Kwa kijana anayenunua bando dogo la siku, ni kazi ya wiki na fedha ya chakula. Hapa ndipo viongozi wetu wanapoweza kusaidia bila maneno mengi: kompyuta moja imara katika ukumbi wa sekta au katika shule ya sekondari, yenye mifumo hiyo imeshapakuliwa, ambako kijana anakuja na flashi au anaunganisha kompyuta yake na kuchukua bila kulipia bando. Wilaya jirani ya Nyabihu ina Rwanda Coding Academy, shule ya vijana wenye vipaji vya programu iliyofunguliwa 2019. Ujuzi uko umbali wa safari fupi ya gari kutoka Cyanzarwe. Unahitaji mahali pa kutua.

WATAKAOPINGA WANA HOJA

Wapo watakaosema: kodisheni mashine kwenye wingu, yaishe. Nakubali kwamba wingu lina nafasi yake. Lakini vituo vikubwa vya makampuni ya wingu vilivyo karibu nasi viko Afrika Kusini: vya Microsoft tangu 2019, vya Amazon tangu 2020, vya Google tangu 2024. Malipo yake hudaiwa kwa dola, kwa kadi ya benki, kila mwezi, na mashine iliyosahaulika ikiwa imewashwa inaendelea kula pesa kama teksi iliyoachwa mlangoni mita ikizunguka. Kwa kujifunza na kujaribu, kompyuta iliyo mezani inatosha. Wingu lije baadaye, kwa kazi iliyokwisha kuthibitishwa, na faili lilelile la maelekezo ndilo litakalohamishwa.

Kuna pia suala la sheria. Sheria ya Rwanda Na. 058/2021 kuhusu ulinzi wa data binafsi inataka data hizo zihifadhiwe nchini, isipokuwa kwa mwenye cheti cha kuziweka nje. Kuna tabia ya kuchukua daftari halisi la wateja, lenye majina, namba za simu na namba za vitambulisho, na kulimwaga katika mashine ya majaribio iliyokodishwa ng'ambo. Wafanyabiashara tulikatae hilo. Majaribio yafanywe kwa majina ya kubuni. Siri ya nani ananidai na nani namdai ni mali yangu.

Wengine watasema programu za ankara tayari hupitia macho ya Mamlaka ya Mapato, RRA, kabla ya kuunganishwa na mfumo wa EBM. Ni kweli, na ni jambo jema. Lakini ukaguzi huo unalinda kodi. Haumuulizi mtengenezaji kama mchuuzi atakatwa pesa mara mbili mtandao ukikatika, au kama risiti ya Goma ina saa sahihi. Mizani ya sokoni hukaguliwa ili mnunuzi asipunjwe na muuzaji asionewe. Programu inayohesabu pesa ni mizani pia.

Hoja nzito kuliko zote ni hii: kompyuta pepe haiwezi kuwa mpaka. Haina mvua, haina foleni, haina mtoto anayelia mgongoni wakati mama anabonyeza namba ya siri. Nakubali. Kwa hiyo jaribio la mashine liwe hatua ya kwanza. Hatua ya pili iwe wachuuzi wachache waliokubali, kwa kiasi kidogo cha pesa, huku daftari la karatasi likiwa pembeni kwa mwezi mzima na hesabu zikilinganishwa kila jioni. Zikipishana, mashine irudi mezani. Lakini kuanza na hatua ya pili bila ya kwanza ni kuwafanya watu maskini walipie mafunzo ya watengenezaji.

TUNACHOPASWA KUDAI

Vyama vya ushirika vya wafanyabiashara wa Rubavu vina nguvu ambayo mchuuzi mmoja hana. Muuzaji wa programu akija na karatasi zake nzuri, chama kimwombe mambo manne kabla ya kutia sahihi. Atuonyeshe mashine ya majaribio ikiuza kwa faranga za Rwanda, faranga za Kongo na dola. Azime intaneti mbele yetu katikati ya malipo, kisha aiwashe, na tuone pesa imekatwa mara ngapi. Afute daftari la majaribio lote, kisha alirudishe kama lilivyokuwa jana yake. Na nakala ya faili la maelekezo ikabidhiwe kwa chama, ili siku yeye akihama au akifunga ofisi, kijana mwingine aweze kuijenga mashine ileile bila kuanza kubahatisha. Mtengenezaji mwaminifu atayafanya yote manne kwa asubuhi moja. Anayekataa ametupa jibu.

Kwa vijana wetu nasema: hili ni soko. Mtu wa Nairobi anaweza kuandika programu vizuri kuliko wewe, lakini hajawahi kupokea chenji kwa faranga za Kongo. Jenga mashine yenye mpaka ndani yake: sarafu zake, saa zake, lugha zake, mtandao wake unaokatika. Iweke tayari, na uiuze kama huduma ya majaribio kwa kampuni zinazotaka kuingia hapa. Ujuzi ambao umeuona kuwa ni adha ya nyumbani ndio mtaji wako.

Kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki dai letu ni kubwa zaidi. Kongo ni mwanachama kamili tangu Julai 2022. Mzigo mmoja unaweza kupita katika mifumo ya RRA, ya forodha ya Kongo, ya Uganda na ya Kenya, na kila nchi ina milango yake na masharti yake ya kuingia. Hakuna kijana, hata awe hodari namna gani, anayeweza leo kujaribu safari nzima ya gunia kutoka Mombasa hadi Goma bila kutumia gunia halisi. Sekretarieti ya Arusha iweke mazingira ya pamoja ya majaribio: forodha za kuigiza, wafanyabiashara wa kubuni, viwango vya kodi vya kweli, pamoja na cheti rahisi cha asili ya bidhaa kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, kwa kuwa huo ndio mzigo wa mchuuzi mdogo. Nchi wanachama zitoe nakala za kuigiza za mifumo yao. Mtengenezaji wa nchi yoyote ajaribu bure, na maelekezo yake yaandikwe pia kwa Kiswahili. Barabara na vituo vya pamoja vya mpakani tumejengewa kwa mabilioni. Chumba hiki cha majaribio ni sehemu ndogo mno ya gharama hizo.

Mpaka hatua hizo zichukuliwe, tusione haya kuuliza. Muuza viazi wa Cyanzarwe hanunui mbegu kwa kusikia sifa zake tu. Hupanda mstari mmoja kwanza, akangoja, akachimba, akaangalia. Programu nayo ipandwe mstari mmoja kwanza, na mstari huo uwe ndani ya mashine ambayo ikioza haimlazi mtu njaa.